Ule Mwisho Bado, au Ulishapita?

Biblia ya shangazi yangu ni Union Version ya jalada jeusi, mgongo wake umeshikizwa kwa plasta ya hospitali. Ukifungua Ufunuo 13, ile sura ya mnyama mwenye hesabu ya 666 na chapa yake, utakuta pembeni safu ya maneno ya penseli, mengi yamekatwa. La juu kabisa ni "Saddam". Limekatwa. Chini yake "Gadafi", nalo limekatwa. Kisha "chip", kisha "laini, vidole", kisha "chanjo". Hilo la chanjo halijakatwa, limewekewa tu alama ya kuuliza.

Safu hiyo nimeiona ikirefuka kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijaweza kumcheka. Serikali ilipotaka laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, mwisho ukiwa Januari 20, 2020, shangazi alikaa wiki tatu bila kwenda. Neno lenyewe lilimtega: alama za vidole, alama ya mnyama. Na mkono aliokuwa aunyooshe kwenye kile kimashine ni huo huo wa kuume. Miezi miwili baadaye korona ikaingia, kila mlango wa duka kubwa ukawa na kijana anayekulenga kipima joto kwenye paji la uso. Mkono na paji la uso, ndani ya nusu mwaka! Mtu aliyelelewa kuisoma Ufunuo kama gazeti la kesho angeachaje kuogopa? (Biblia yake hiyo, kwa kweli, haisemi "alama". Inasema watu "watiwe chapa katika mkono wao wa kuume, au katika vipaji vya nyuso zao". "Alama" ni neno la mahubiri na la tafsiri za karibuni, na limetisha watu kuliko chapa ilivyopata kuwatisha.)

Septemba 2025 akanitumia video. Mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alikuwa ametangaza kwamba unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa juu mbinguni, utakuwa tarehe 23 au 24 ya mwezi huo, na TikTok ikajaa watu wanaoaga. Chini ya video shangazi aliandika swali moja: "Mwanangu, nimalizie ada ya huyu mjukuu au nisubiri kwanza?"

Nikamjibu: "Malizia ada, shangazi." Akarudi: "Una uhakika?"

Nilikuwa nao, lakini sababu zake hazikuenea kwenye ujumbe wa simu. Ndizo ninazoziandika hapa.

Upo msomo wa Maandiko ambao makanisani kwetu hausikiki sana. Unasema kwamba sehemu kubwa ya unabii tunaoungoja ulishatimia, na mwaka wake unajulikana: mwaka 70, Warumi walipouteketeza Yerusalemu pamoja na hekalu lake. Wanaousoma hivyo huitwa wapreteristi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kupita. Wapo wanaosema mengi yamepita, na wapo wanaosema yote yamepita. Hao wa kwanza wananishawishi. Hao wa pili naona wamevuka mto wakasahau kushuka mtumbwini.

Tuanze na Mathayo 24, kwa kuwa ndiyo sura inayohubiriwa zaidi kwenye mabasi. Umewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam asubuhi ukasimamiwa na mtumishi mbele ya viti, kabla gari halijafika Kibaha, akisoma: "Nanyi mtasikia habari za vita na matetesi ya vita." Hapo huinua kichwa, akataja vita vya mwaka huo, kisha akatupa swali: jamani, hamwoni mwisho umefika? Huwa natamani aendelee nusu mstari tu. Andiko lenyewe linaendelea hivi: "angalieni, msitishwe, maana hayo hayana budi kutukia, lakini ule mwisho bado." Yesu aliyataja matetesi ya vita ili watu wasitishwe nayo. Sisi tumeyageuza kuwa king'ora.

Turudi nyuma kidogo kwenye sura hiyo hiyo. Wanafunzi wanamwonyesha Yesu majengo ya hekalu, naye anawajibu kwamba hapo "halitasalia jiwe juu ya jiwe ambalo halitabomoshwa". Wanapanda mlima wa Mizeituni, mji wote uko mbele yao ng'ambo ya bonde, wanamwuliza: mambo hayo yatakuwa lini? Hayo, maana yake hayo ya mawe. Katika Kiswahili chetu swali lao linaishia na "mwisho wa dunia", na maneno hayo yametupoteza njia. Neno la Kigiriki lililo pale ni lile la zama, enzi. Wanauliza dalili ya mwisho wa zama. Kwa Myahudi wa wakati ule, kuanguka kwa hekalu kulikuwa mwisho wa zama tosha: makuhani wangebaki bila kazi, dhabihu zingekoma, hata mwenye deni la nadhiri asingejua aipeleke wapi.

Kisha tazama maagizo wanayopewa. Walio katika Uyahudi wakimbilie milimani. Aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu vyake. Ombeni kukimbia kwenu kusiwe wakati wa baridi wala siku ya Sabato. Maagizo haya yana anwani. Dari inayotajwa ni paa bapa la udongo watu walilopandia jioni kupunga upepo. Mtu wa Lamu mjini anaweza kuielewa. Huku kwetu kwenye mabati, anayeishi juu ya dari ni panya. Sabato inatajwa kwa sababu huo ni mji ambao siku hiyo safari ina mipaka ya sheria. Kama hotuba hii inahusu mwisho wa sayari, mtu wa Mbeya anakimbilia mlima gani, na mlima huo utamfaa nini? Lakini kama inahusu jeshi linalokuja kuuzunguka mji, kila neno linakaa mahali pake. Luka haachi hata nafasi ya kubahatisha. Mahali Mathayo anapotaja chukizo la uharibifu, Luka 21:20 inasema: mtakapouona mji wa Yerusalemu umezungukwa na majeshi, jueni ya kwamba uharibifu wake umekaribia.

Halafu ndipo unafika mstari wa 34: "Amin, nawaambia, Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie."

Kwenye mstari huu kila mfasiri hulazimika kuchagua. Albert Schweitzer, kabla hajawa daktari wa Lambaréné huko Gabon, alichagua njia ya ukatili: mwaka 1906 alichapisha hoja kwamba Yesu aliutarajia mwisho upesi na haukuja. Wahubiri wetu wengi huchagua njia ya kuunyoosha mstari: "kizazi hiki" ni kizazi kitakachoziona hizo dalili, yaani sisi, wengine wanasema ni taifa la Wayahudi kwa ujumla, litakalokuwapo hadi mwisho. Shida ni kwamba sura moja tu nyuma, Mathayo 23:36, Yesu amewakemea waandishi na Mafarisayo akamaliza kwa kusema mambo hayo yote yatakuja juu ya kizazi hiki, na pale hakuna mhubiri anayesema ni sisi. Neno ni lile lile, msemaji ni yule yule, siku pengine ni hiyo hiyo. Kwa nini likiwa la hukumu liwe lao, na likiwa la dalili liwe letu?

Hesabu miaka. Hotuba ilitolewa kama mwaka 30. Hekalu liliungua mwaka 70. Katikati pana miaka arobaini, umri wa kizazi kwa hesabu ya Biblia yenyewe, tangu jangwani.

Kuna pingamizi tatu ninazokutana nazo kila nikiligusa jambo hili, na si za kupuuza.

Ya kwanza: mbona Injili ilikuwa ihubiriwe kwanza "katika ulimwengu wote"? Fungua Luka 2:1. Kaisari Augusto anaamuru iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu, na neno la Kigiriki ni lile lile. Hakuna karani wa Augusto aliyefika Unguja au Kilwa na daftari. Ulimwengu huo ni dola ya Rumi, nchi zinazokaliwa na watu aliowajua msemaji. Paulo naye anawaambia Warumi kwamba imani yao inahubiriwa katika dunia nzima, na hakuna anayemshtaki kwa kutia chumvi. Sisi wasomaji wa Kiswahili tulipaswa kuliona hili mapema kuliko wengine, kwa sababu tuna neno "nchi" linalofanya kazi zote mbili: "mbingu na nchi" ni uumbaji mzima, "nchi yetu" ni hapa kwetu tu. Kigiriki nacho ndivyo kilivyo. Mathayo 24:30 inaposema "mataifa yote ya ulimwengu" wataomboleza, maneno ya asili yanaweza kusomwa pia "kabila zote za nchi", na nyuma yake unasikika mwangwi wa Zekaria 12:12, "Nayo nchi itaomboleza, kila jamaa peke yake", ambapo wanaoomboleza ni nyumba ya Daudi na jirani zake. Watafsiri walipochagua "ulimwengu" badala ya "nchi", msiba wa mji ukawa msiba wa sayari.

Ya pili: mbona jua halikutiwa giza, wala nyota hazikuanguka, wala hakuna aliyemwona Mwana wa Adamu juu ya mawingu? Hapa ndipo msomaji wa leo anapojikwaa kwa kutojua lugha ya manabii. Isaya 13 inatabiri kuanguka kwa Babeli, na katika utabiri huo jua linatiwa giza na nyota haziangazi. Babeli ilianguka kwa Waajemi mwaka 539 kabla ya Kristo, na kesho yake jua lilichomoza. Isaya 19 inasema: "Bwana amepanda juu ya wingu jepesi, anafika Misri." Misri ilihukumiwa bila mtu kutafuta wingu. Mzee mwenye jina akifa huku kwetu tunasema mbuyu umeanguka, na hakuna anayetoka na shoka kwenda kutafuta kuni. Hata yule Mwana wa Adamu wa Danieli 7, anapokuja na mawingu, safari yake si ya kushuka duniani. Anakwenda kwa Mzee wa Siku kupewa ufalme.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi kimoyo: Yesu alisema dhiki ile haitakuwa na mfano tangu mwanzo wa ulimwengu. Sisi wa Maziwa Makuu tunaikumbuka Rwanda ya 1994. Tunawezaje kusema dhiki kuu kuliko zote ilikuwa ya Yerusalemu? Wapreteristi hujibu kwa kunyosha kidole kwenye Wafalme wa Pili. Sura ya 18 inasema hapakuwa na mfalme kama Hezekia, si kabla yake wala baada yake. Sura ya 23 inasema hapakuwa na mfalme kama Yosia, si kabla yake wala baada yake. Wote wawili hawawezi kuwa wa kwanza kwa hesabu ya karani. Ni namna ya Waebrania ya kusema jambo limepita kiasi. Jibu hilo nalipokea. Lile la malaika wanaotumwa na parapanda kuwakusanya wateule, kwamba maana yake ni wahubiri waliokwenda kwa mataifa, nalipokea nikichechemea.

Nani ametuachia habari za mwaka 70? Ni Yosefo, kuhani wa Kiyahudi aliyekuwa jemadari wa waasi huko Galilaya, akatekwa mwaka 67, akamtabiria jemadari wa Rumi, Vespasiano, kwamba atakuwa kaisari. Akawa kweli. Nabii huyu alilipwa: alimalizia maisha yake Rumi kwenye nyumba ya kaisari, akiandika. Tarakimu zake zina chumvi. Anasema waliokufa katika kuzingirwa kwa mji ni 1,100,000, na wanahistoria wengi wanaona ameitia kupita kiasi. Lakini mambo aliyoyaona kwa macho ni ya kusisimua mwili.

Anamsimulia mkulima mmoja aliyeitwa Yesu, mwana wa Anania. Miaka minne kabla ya vita, mji ukiwa na amani na neema, alifika kwenye sikukuu ya vibanda akaanza kupiga kelele: sauti juu ya Yerusalemu, sauti juu ya hekalu. Wakubwa wakampeleka kwa liwali wa Kirumi, akachapwa mpaka mifupa ikaonekana, na kwa kila fimbo alijibu neno moja: ole wa Yerusalemu. Wakamwachia wakidhani ni kichaa. Akaendelea hivyo kwa miaka saba na miezi mitano bila sauti kukauka. Mji ulipokwisha kuzingirwa, siku moja akizunguka ukutani, aliongeza maneno mengine: na ole wangu mimi pia. Jiwe la mtambo wa Warumi likampata pale pale.

Anasimulia pia siku ya mwisho ya hekalu, tayari likiwaka. Watu kama 6,000, wanawake na watoto wakiwamo, walikuwa wamekimbilia ukumbi mmoja wa ua wa nje. Askari wakauchoma, hakupona hata mmoja. Kwa nini walikuwa pale? Yosefo anasema nabii wa uongo alikuwa ametangaza siku hiyo hiyo kwamba Mungu anawaamuru wapande hekaluni wakapokee ishara za wokovu wao.

Soma hayo, kisha kumbuka Kanungu, Uganda. Viongozi wa kundi lile walisema dunia itakwisha Desemba 31, 1999. Ilipokataa kwisha, wakasogeza tarehe. Machi 17, 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada. Kumbuka msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu waliofunga kula wakingoja kuonana na Yesu. Mstari wa 23 na wa 26 wa sura ile ile ya Mathayo unaonya: wakiwaambia yuko jangwani, msitoke, yumo nyumbani, msisadiki. Onyo hilo liliandikwa kwa ajili ya watu kama wale 6,000. Sijui kama lingesomwa hivyo Kilifi lingeokoa mtu. Najua lilisomwa kinyume chake.

Wakristo wa Yerusalemu je? Mwaka 66 liwali wa Shamu, Kestio Galo, alifika na jeshi mpaka kwenye kuta, kisha akarudi nyuma ghafla na kupigwa vibaya njiani. Eusebio, aliyeandika katika karne ya 4, anasema Wakristo walitoka mjini wakahamia Pela, ng'ambo ya Yordani. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo. Ikiwa ni kweli, basi kuna watu walioisoma hotuba ya Mizeituni kama ilani ya kuhama, na wakahama.

Watu huniuliza habari ya Ukuta wa Magharibi: si bado umesimama, jiwe juu ya jiwe? Umesimama, lakini huo ni ukuta wa kushikilia kilima bandia ambacho hekalu lilijengwa juu yake. La hekalu lenyewe halikusalia. Pembeni mwa kilima hicho, upande wa kusini-magharibi, mawe yaliyosukumwa na askari bado yamelala kwenye barabara ya kale, na lami ya mawe chini yake imebonyea.

Mpaka hapo natembea kwa miguu yangu miwili. Nikiingia Ufunuo naanza kuomba fimbo.

Hoja ya wapreteristi kuhusu 666 ni tamu, hasa kwa mtu wa pwani. Yeyote aliyekaa karibu na mwenye falaki anajua abjadi: kila herufi ina thamani yake, jina la mtu na la mamaye hujumlishwa, ukapata nyota yake. Waebrania nao walihesabu hivyo hivyo. Andika Nero Kaisari kwa herufi zao: nuni 50, reshi 200, wau 6, nuni 50, kofu 100, sameki 60, reshi 200. Jumla ni 666. Utamu unazidi ukijua kwamba baadhi ya nakala za kale zina 616 badala ya 666. Ondoa ile nuni ya mwisho ya Nero, kwa jinsi Walatini walivyolitamka jina bila hiyo N, umepata 616. Ongeza kwamba Ufunuo wenyewe unaanza kwa kusema mambo haya hayana budi kuwako "upesi", na unaisha kwa Yohana kuambiwa "Usiyatie muhuri", wakati Danieli aliambiwa kinyume chake, akifunge kitabu mpaka wakati wa mwisho. Kwa Danieli karne kadhaa zilikuwa mbali. Kwa Yohana zaidi ya miaka 1,900 iweje iwe karibu?

Lakini. Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, ambaye utotoni alimsikiliza Polikarpo, askofu wa Smirna huko Asia, anasema maono hayo yalionekana mwishoni mwa utawala wa Kaisari Domitiano, yaani miaka ya 90, Nero akiwa kaburini tangu 68. Tena Ireneo anaijua ile 616, anaikataa, anajaribu majina kadhaa ya kuieleza 666, na katika majina hayo Nero hayumo. Kama jibu lilikuwa wazi kwa wasomaji wa kwanza, mbona lilikwisha kusahaulika ndani ya karne moja, tena Asia ile ile barua ilikotumwa? Wapreteristi wana majibu, na baadhi yana akili. Mimi nabaki nikisema mnyama ananukia Rumi, Nero anawezekana sana, na tarehe ya kitabu haijakaa sawa.

Historia ya msomo huu nayo imeuletea maneno. Aliyeuandikia kitabu kizima cha kwanza juu ya Ufunuo alikuwa padri Mkatoliki wa shirika la Wajesuiti huko Seville, Hispania, Luis de Alcázar. Kilitoka 1614, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Waprotestanti wa siku hizo walikuwa wakihubiri kwamba mpinga Kristo ni papa, kwa hiyo wakaona hii ni janja ya kumtoa papa kizimbani. Mpaka leo utasikia hoja hiyo: achaneni na hayo, ni ya Wajesuiti. Wanaoitoa hawajui kwamba msomo wao wa kusukuma yote mbele, wa mpinga Kristo atakayekuja, ulipewa nguvu mpya na Mjesuiti mwingine, Francisco Ribera, mwaka 1590. Unyakuo wa siri, ule wa watu kutoweka dereva akiwa usukani, ulienezwa na John Nelson Darby katika karne ya 19, ukasambaa zaidi kwa maelezo ya chini ya ukurasa katika Biblia ya Scofield ya 1909. 

Sasa wale wa pili, wanaosema yote yamepita. Kwao ufufuo, hukumu na marejeo ya Kristo vilimalizika mwaka 70, na tunachoishi ndizo mbingu mpya na nchi mpya. Nimewasoma kwa subira. Wana msimamo usioyumba, na ndio unaowaponza, kwa maana Paulo alishakutana na jamaa zao: Himenayo na Fileto, "wakisema ya kwamba kiyama imekwisha kuwapo". Hakuwasifu. Kwa Wakorintho alisema adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti, na mauti ninaiona kila Jumamosi kwenye turubai. Meza ya Bwana huadhimishwa "hata ajapo". Kama alishakuja, tungefunga sanduku la vikombe. Na Kanisa lililoishi baada ya 70, likijua vizuri kilichotokea Yerusalemu, liliendelea kukiri kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu.

Kuna doa jingine ambalo wapreteristi wa aina zote hawalisemi kwa sauti. Tangu karne za mwanzo, wapo walioushika mwaka 70 kama fimbo ya kuwapigia Wayahudi: tazameni, Mungu amewatupa. Chuki iliyozaliwa hapo imeua watu wengi kuliko alivyoua Tito, jemadari wa Rumi aliyeuteka mji mwaka huo. Anayeisoma Mathayo 24 kama ninavyoisoma mimi ana wajibu wa kusoma na Luka 19, Yesu anapouona mji na kuulilia. Na Warumi 11, Paulo anapouliza kama Mungu amewasukumia mbali watu wake, akajijibu: Hasha!

Desemba nilikwenda kumwona shangazi. Tulikaa barazani na ile Biblia yake, nikamsomea haya karibu yote, nikiruka majina ya Wajesuiti. Alisikiliza huku akichambua mchele. Nilipofika kwenye nuni na reshi aliacha ungo, akajumlisha mwenyewe kwa vidole, mara mbili.

"Kwa hiyo Saddam nilimwonea?"

"Kwa hilo tu, shangazi."

Akachukua penseli, akaikata "chanjo", chini yake akaandika "Nero", akaweka alama ya kuuliza. Kisha akafungua Wathesalonike wa Kwanza, sura ya 4, ambako amehifadhi ratiba ya mazishi ya mumewe, imekunjwa mara nne. "Hatutaki msijue habari zao waliolala mauti." Akaweka kidole.

"Na hapa? Napo palishapita?"

"Hapo bado, shangazi."

Akairudisha karatasi mahali pake, akafunga kitabu. Nikamuuliza kuhusu ile ada.

"Nililipa tarehe 22," akasema, "ili ikiwa kweli, nisikutwe nadaiwa."